MAISHA YA APOLO KIVEBULAYA, MUTU WA SILABI NA WA PORI



Kila mwaka, tarehe 30 ya mwezi wa 5, wandugu wetu wa Kanisa la Anglikana wanakumbuka mutu mmoja aliyezikwa Boga, kule upande wa Irumu mu Ituri. Si mbali sana na sisi. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Wengi wetu tunalisikia jina hilo kanisani tu, tunafikiri ni jambo la wahubiri na la wazee. Lakini kabla ya kuwa mutumishi wa Kanisa alikuwa mwalimu wa kusoma, na mpaka kufa kwake hakuacha kazi ile. Kwa hiyo maisha yake yanatuhusu sisi wanafunzi, zaidi sana wadogo wetu wa madarasa ya chini ambao wanatetemeka kila wakati mwalimu anatangaza dikte.

1. KUZALIWA NA UJANA WAKE

Apolo alizaliwa karibu mwaka wa 1864 mu inchi ya Buganda, sehemu ya Singo. Wazazi hawakumwita Apolo. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, maana alikuwa mukubwa wa mapacha, na mudogo wake akaitwa Kato. Huko Buganda majina hayo yanapewa mapacha wanaume, sawa vile sisi tuko na majina yetu ya kufuata nafasi ya kuzaliwa.

Alikuwa kijana wakati inchi yao ilichafuka. Wafuasi wa dini mbalimbali walipigania kiti cha kabaka, na Waswa naye alishika silaha kama vijana wengine. Si mutoto aliyekua mu utulivu na madaftari mapya mu mukoba. Alipata kusoma kati ya vita. Wale wanaodhani kwamba mutu hawezi kujifunza kitu wakati inchi haina amani, waangalie hapo kwanza.

Alibatizwa mwezi wa kwanza mwaka wa 1895, akiwa na miaka kama 30, akachagua jina la Apolo, yule wa Matendo ya Mitume aliyejua Maandiko vizuri. Jina la Kivebulaya ni watu walimupa. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, juu ya koti la Kizungu alilopenda kuvaa pamoja na kanzu yake. Lilianza kama jina la kuchekesha, likabaki naye mpaka kaburini.

2. SHULE YA KITABU KIMOJA

Sasa tueleze namna watu wa Buganda walivyojifunza kusoma siku zile, juu njo mafundisho Apolo aliyobeba kuja kwetu.

Mumisionere mumoja Muskoti, Alexander Mackay, alifika Buganda mwaka wa 1878. Alikuwa fundi wa mashini. Aliona watu wanataka kusoma na vitabu hakuna. Akachukua mbao, akachonga herufi moja moja, akazipaka wino, akapiga chapa karatasi za kusomea. Juu ya karatasi zile kulikuwa na silabi: ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, na kuendelea. Baada ya silabi yalikuja maneno, halafu Sala ya Bwana na Amri Kumi. Watu waliziita Mateka.

Karatasi hazikutosha hata kidogo. Kwa hiyo watu walikaa chini kuzunguka karatasi moja au kitabu kimoja, wengine mbele yake, wengine kando, wengine upande wa juu. Kila mumoja alisoma kutoka nafasi yake. Matokeo yake ni kwamba kulikuwa na watu waliojua kusoma kitabu kikiwa kimepinduka kichwa chini, na wengine walikisoma kutoka upande, bila shida yoyote. Sisi tunacheka, lakini mutu anayejua neno hata likiwa limepinduka analijua kweli. Hakulikariri kama wimbo, ameona sura yake.

Mwaka wa 1896 Biblia nzima kwa Kiganda ilitoka, kazi kubwa ya Pilkington na wasaidizi wake Waganda. Walipiga chapa moja ndogo na nene kabisa, kusudi ipate kuingia mu kopo la biskuti. Juu ya nini? Juu ya muchwa na wadudu wengine wanaokula karatasi. Mutu aliweka Biblia yake mu kopo, akafunga, wadudu wakakosa chakula.

Tena kulikuwa na sheria: mutu hakubatizwa kama hajui kusoma, isipokuwa wazee na wale wenye macho mabovu. Kwa hiyo Wakristo waliitwa wasomi. Hata leo kwa Kiganda neno la kusoma ni lile lile la kuenda kanisani. Aliyeanza Mateka asubuhi alimufundisha jirani jioni, maana walimu walikuwa wachache. Hakuna aliyengoja kumaliza masomo yote ndipo asaidie mwenzake.

3. ANAVUKA SEMLIKI

Mwaka ule wa kubatizwa kwake, 1895, Apolo alijitoa kuenda Toro, kwa mufalme Kasagama, kufundisha. Mwishoni mwa mwaka wa 1896 akatumwa mbali zaidi. Alipita chini ya milima ya Ruwenzori, ile tunayoiona tukiwa Beni siku ambazo mawingu yametoka, akavuka muto Semliki, akapanda mupaka Boga, ambayo wakati ule iliitwa Mboga.

Mukubwa wa Boga alikuwa Tabaro. Waalimu wawili Waganda walikwisha kumutangulia Apolo pale, nao walirudi kwao kwa sababu ya njaa. Wenyeji walikatazwa kuwapa chakula. Ni njia rahisi ya kufunga shule bila kupiga mutu. Apolo akajua mapema kwamba hatapokewa na ngoma. Akajilimia mwenyewe, akajenga, akaanza na wachache waliokubali kukaa chini na kuangalia silabi.

Kwanza alifundisha kwa Kiganda, juu njo karatasi alizokuwa nazo. Hilo lilikuwa zito kwa watu wa Boga, ambao lugha yao iko karibu na Kinyoro. Sisi tunaelewa shida ile. Mutoto wa Mangina anaongea Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, halafu mu darasa anaambiwa aandike Kifaransa. Kama anakosa, si lazima awe mujinga. Pengine amebeba lugha tatu kwa kichwa kimoja.

Juu ya nini Tabaro alichukia kusoma? Aliogopa kwamba mafundisho mapya yatamuondolea wake wengi na desturi za ukubwa. Na kusema kweli hakukosea sana: mutu akijua kusoma, anaanza kuuliza maulizo ambayo mbele hakuuliza.

4. MUKUKI NA KIFUNGO

Siku moja jambo baya likatokea. Apolo na watu wake walikuwa mu kazi ya kujenga, na mukuki wake ulikuwa mu majani marefu. Mwanamuke mumoja wa jamaa ya Tabaro alianguka juu ya mukuki ule, akafa. Ilikuwa bahati mbaya, lakini maadui wa wasomi walipata sababu waliyoitafuta. Walisema Apolo ameua. Alikamatwa, akapigwa, akapelekwa Toro mu kifungo cha Waingereza.

Fikiri kidogo, ndugu. Mutu ameacha kwao, ameshinda njaa, amefundisha watu bila mushahara wa maana, na sasa anakaa na minyororo kwa kosa ambalo hakutenda. Mu mateso ya siku zile alipata maono: alimuona Kristo anang'aa kama jua, akimutia moyo asiogope. Baadaye alieleza jambo hilo mara nyingi kama nguvu ya maisha yake yote.

Mashitaki hayakusimama, akaachiliwa. Wote walifikiri atarudi kwao Buganda. Apolo akavuka tena Semliki, akarudi Boga, kwa watu wale wale waliomushitaki. Tabaro alishangaa. Alijiuliza ni jambo gani linalomusukuma mutu arudi mahali alipopigwa. Mwisho mukubwa yule naye akaingia mu masomo, akabatizwa, akaitwa Paulo.

5. PADRI, MIPAKA NA WAMBUTI

Askofu Tucker alimubariki Apolo kuwa shemasi mwaka wa 1900, na padri mwaka wa 1903. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanapanga mipaka ya inchi zetu, na Boga ikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Karibu mwaka wa 1915 Apolo akarudi tena Boga, akakaa mpaka kufa. Hakuoa. Nyumba yake ilijaa watoto, wengi wao yatima, na chakula chake kilikuwa chakula chao.

Mu miaka ya 1920 moyo wake ulielekea zaidi kwa Wambuti wa pori. Hapa nawaomba wasomaji wote tusikilize vizuri. Siku zile watu mingi wa vijiji waliwahesabu Wambuti kuwa si watu kamili. Walikubali kula nyama yao na asali yao, lakini hawakukubali kula pamoja nao. Apolo aliingia mu pori, akakaa kwao, akajifunza lugha yao, akafanya kazi ya kutafsiri Injili ya Marko. Aliwafundisha kusoma vilevile kama alivyofundisha wana wa wakubwa: silabi moja, neno moja, mustari moja. Hakuwaambia wangoje mpaka wajenge vijiji ndipo wapewe herufi.

Leo, hapa kwetu, ukifuata barabara ya Mambasa utawakuta wajukuu wa watu wa namna ile ile. Ni wangapi kati yao wanakaa nasi juu ya viti vya shule? Kila mutu ajibu moyoni mwake.

6. KUFA KWAKE

Mwaka wa 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe, lakini hakuhamia muji mukubwa. Alikufa Boga tarehe 30 ya mwezi wa 5, mwaka wa 1933. Kabla ya kufa aliagiza jambo moja kuhusu kaburi lake. Desturi ilikuwa kumulaza mufu kuelekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekee mangaribi, upande wa pori la Kongo, maana kazi huko haijaisha. Wakafanya vile.

Mbegu ile ilikua. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya askofu, na mwaka wa 1992 Waanglikana wa inchi yetu wakawa jimbo lao wenyewe. Leo wako Beni na Butembo pia. Yote ilianza na karatasi ya silabi.

7. BASI SISI TUFANYE NINI?

Pengine mutu atasema: mambo hayo ni ya zamani, sisi tuko na vitabu. Tuko navyo kweli? Mu madarasa mengi kitabu kimoja cha kusoma kinaenda kwa wanafunzi watano au zaidi, na kwa wale waliokimbia vita na kuacha vyote nyumbani, hata hicho hakuna. Hali yetu haiko mbali na ile ya duara la Buganda. Tofauti ni kwamba wao walikaa pamoja kwa furaha, na sisi tunaacha mudogo wetu peke yake na dikte yake, halafu tunamucheka anapopata sufuri.

Na kusoma vibaya si jambo la pointi tu. Wote tunakumbuka mwaka wa 2018, tarehe 1 ya mwezi wa 8, wakati Ebola ilitangazwa hapa kwetu Mangina. Mpaka ilipotangazwa kuisha, mwezi wa 6 mwaka wa 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa mu jimbo letu na Ituri. Maneno mapya yalibandikwa kwa kila ukuta, na aliyejua kuyasoma sawasawa alijua la kufanya. Asiyejua alibaki na uvumi wa njiani.

Kwa hiyo naleta hapa michezo mitano ya kujifunza maneno na namna ya kuyaandika. Haiombi feza. Inafaa watoto wa msingi, na hata sisi wakubwa.

(a) Silabi za kartoni. Kata vipande 25 vya kartoni. Chukua herufi b, k, l, m, t, uzipatie kila moja a, e, i, o, u: ba be bi bo bu, mpaka tu. Changanya. Kila mutoto avute sita na kujaribu kuunga maneno: bata, kiti, moto, meli, kalamu. Anayepata neno refu zaidi anashinda. Lugha zetu zinapenda mchezo huu kwa sababu silabi karibu zote zinaishia na sauti, njo maana Mateka ziliwezekana.

(b) Munyororo. Wa kwanza anataja neno, wa pili anaanza na silabi ya mwisho, na kila neno linaandikwa chini kwa udongo na kijiti. Mufano: kalamu, mukate, tembo, mboga, gari, riziki, kiti, tisa, sabuni, nini. Ukimupa mwenzako nini, atahangaika, juu anapaswa kuanza tena na ni. Aliyeandika vibaya anatoka, hata kama alitaja vizuri.

(c) Kalamu na karamu. Hii ni dawa ya ugonjwa wetu wa kuchanganya L na R. Mumoja anataja neno, mwengine anachora. Ukisema karamu, usishangae kama anachora sahani na kuku mahali pa kalamu. Kwa Kifaransa fanyeni hivyo kwa maneno yenye sauti moja: ver ni mududu, vert ni rangi ya majani, verre ni kilasi, vers ni kuelekea. Sikio halisaidii hapo, ni jicho tu na maana ya sentensi.

(d) Dikte ya kukimbia. Mwalimu anabandika karatasi moja tu kwa ukuta wa inje. Wanafunzi wawili wawili: mumoja anakimbia, anasoma mustari, anaushika kichwani, anarudi kuusema, mwengine anaandika. Katikati wanabadilisha kazi. Wenye makosa machache wanashinda, si wenye mbio. Karatasi moja inatosha darasa nzima.

(e) Nyumba. Mumoja anafikiri neno, anaandika vistari kwa hesabu ya herufi. Wengine wanabahatisha herufi. Kila kosa, anachora sehemu moja ya nyumba: nguzo, ukuta, paa, mulango. Nyumba ikimalizika kabla neno halijajulikana, yeye anashinda.

Sheria ya michezo yote ni moja: hakuna kucheka mutu. Tunacheka pamoja au tunaacha kucheka.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Ufilipino, mwaka wa 1930, mumisionere mumoja Mwamerika, Frank Laubach, alianza kufundisha watu wa Lanao kwa picha na herufi. Feza za kulipa walimu zilipokosekana, walipatana kwamba kila anayejua kusoma amufundishe mwenzake bure. Njia ile ikazunguka inchi nyingi za dunia. Lakini watu wa Buganda na wa Boga walikwisha kuifanya zaidi ya miaka 30 mbele yake, bila kuipa jina kubwa.

Ombi langu kwa wenzangu wa darasa la mwisho: kila mumoja wetu achukue wadogo wawili, Jumamosi kuanzia saa tisa mpaka saa kumi, mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Nitaandika majina kwa karatasi itakayokuwa kwa mulango wa biro ya nidhamu. Na kama mutoto wa Wambuti au wa wakimbizi anasimama kwa dirisha na kuangalia, tusimufukuze. Tumuite, tumupe kipande cha kartoni, tumuonyeshe ba. Mitihani ya mwisho inatungojea sisi wote, ni kweli, na muda ni mudogo. Lakini anayefundisha neno kwa mwengine halisahau tena, kwa hiyo hatutapoteza kitu.

Bwana awabariki katika masomo yenu.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho